Nyuma ya Kibao cha "Mbwa Kali"

Majirani zangu, wazazi wenzangu, asanteni kwa kufika. Hapa Buruburu, kama kwingine Nairobi, mageti mengi yana kibao "Mbwa Kali". Huyo mbwa hakuzaliwa mkali. Mara nyingi aliletwa akiwa na miezi 2, akafungiwa kibandani mchana kutwa, akaachiliwa usiku, asimjue mtu ila yule anayempelekea ugali. Mbwa wa hivyo ana hofu, na hofu ndiyo inayouma.

Mbwa wetu Bosko tulimchukua KSPCA, shirika la kutunza wanyama, kule Karen. Ni chotara, sikio moja limesimama, jingine limelala. Jioni ya kwanza alinyakua ndara ya kitindamimba wangu akaingia nayo chini ya kochi. Mtoto akapiga kelele, akavuta; Bosko naye akazidi kukaza meno, mkia ukipiga sakafu pa, pa, pa. Kwake ule ulikuwa mchezo. Nikamwambia mwanangu, "Achilia. Simama kama mti, mikono kifuani." Haikupita dakika, ndara ikaanguka. Tukampa kipande cha kamba atafune.

Nawasihi, anzeni kumfundisha mtoto wenu kabla ya mtoto wa mbwa. Asimguse akila, wala akilala. Meno ya utotoni ya mbwa, yote 28, huanza kung'oka kwenye miezi 4 hivi, na ufizi humsumbua, ndiyo maana hutafuna vitu. Asichapwe kwa hilo.

Sasa hapa ndipo wengi hukwama. Hadi wiki ya 14 hivi ndipo mbwa huzoea kwa urahisi honi za matatu, bodaboda, mgeni aliyevaa kofia. Lakini wiki hizo hizo chanjo ya pavo, ugonjwa hatari wa kuhara kwa watoto wa mbwa, haijakamilika, na virusi vyake hukaa udongoni miezi mingi. Basi mbebeni! Sisi tulimpakata Bosko getini kila jioni watu wakitoka kazini. Alitetemeka siku mbili tatu, kisha akaanza kunusa hewa.

Chanjo ya pavo hurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa ni akifika miezi 3, kisha daktari atawapa tarehe ya kurudia. Na mtoto aking'atwa na mbwa, hata mkwaruzo tu, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu hospitali mara moja.

Mwanangu yuko pale mlangoni na Bosko. Mlio na watoto, njooni nao nje wajaribu kusimama kama mti.