Kila Kipande na Jina Lake: Kuifahamu Bourgogne kwa Miguu

Mbukwenyi, wazee wangu, mama zangu, ndugu wakulima wa zabibu, na ninyi wanafunzi mliokaa hadi ngazini.

Najua ukumbini humu wapo ndugu ambao dini yao haiwaruhusu kugusa mvinyo. Nawaomba msiondoke. Nitasema machache juu ya kinywaji na mengi juu ya ardhi, na habari za ardhi zinamhusu kila mwenye jembe.

Nilifika Bourgogne, mashariki ya Ufaransa, mwezi wa Septemba, kama kibarua wa kuchuma. Siku ya pili, kwenye saa nne asubuhi, tulimaliza safu zetu, tukavuka kijia cha trekta ambacho hakikuzidi hatua nne. Msimamizi akatuzuia. Kreti tulizokuwa nazo zikaondolewa zote, zikaletwa nyingine tupu. Nikamuuliza kulikoni, maana zabibu ni ile ile, Pinot noir, na mwenye shamba ni yule yule. Akanionyesha ardhi chini ya miguu yangu, akasema: "Hapa ni mahali pengine." Jibu lile sikulielewa siku hiyo, na ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Tuanze na kilima. Ukitoka mji wa Dijon kwenda kusini, upande wako wa kulia unakwenda na mteremko mrefu wa kilomita 50 na ushei. Huo ndio Côte d'Or. Nusu ya kaskazini, Côte de Nuits, ndiyo yenye sifa kubwa ya mvinyo mwekundu. Nusu ya kusini huitwa Côte de Beaune, na huko mweupe wa zabibu ya Chardonnay ndio unaotamba. Upana wake mahali pengine haufiki hata kilomita moja. Watu huja wakitazamia mashamba yasiyo na mwisho, wakakuta utepe mwembamba unaoweza kuuvuka kwa miguu kabla chai haijapoa.

Mteremko wenyewe unatazama mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi huupata mapema. Chini yake ni mawe ya chokaa yaliyojilimbikiza bahari ilipokuwa imefunika nchi ile, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Mpaka leo ukiokota jiwe kati ya safu waweza kukuta ganda la chaza ndani yake. Sasa sikilizeni, wakulima, maana mambo haya mnayajua kwa mikono yenu. Juu kabisa, karibu na msitu, udongo ni kiduchu na mwamba uko karibu, baridi nayo ni kali zaidi. Chini kabisa, tambarare inakoanzia, udongo ni mzito na maji yanatuama, mzabibu unanenepa majani na ladha ya tunda inafifia. Katikati ya mteremko, chokaa na mfinyanzi vimechanganyika, maji yanapita ila hayapotei yote. Mashamba ya daraja la juu kabisa, yale wanayoyaita grand cru, karibu yote yamekaa katikati hapo. Bourgogne nzima ina grand cru 33 tu, na mvinyo wake ni kama sehemu moja katika mia ya mvinyo wote wa jimbo.

Kila kipande kina mpaka wake na jina lake. Wenyewe hukiita climat, tamka "klima". Katika Côte d'Or vimehesabiwa 1,247, na mwaka 2015 UNESCO iliviingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Ukichukua chupa ya huko, mara nyingi hutaona jina la zabibu popote. Limeandikwa jina la mahali. Wanadai kwamba tunda ni njia tu, na kinachosema ni ardhi. Nimewasikia watu wakiyaita haya majivuno ya wauzaji. Mimi nimechuma pande zote mbili za kile kijia, na miezi baadaye nikaonja kutoka kwenye mapipa mawili yaliyopangwa ubavu kwa ubavu. Havikufanana. Sina haja ya kushawishiwa zaidi.

Nani aliyechora mipaka hiyo? Wengi walichangia, lakini watawa wana sehemu kubwa. Mwaka 1098 ilianzishwa nyumba ya watawa ya Cîteaux, kwenye tambarare yenye majimaji mashariki ya kilima. Walipewa mashamba na matajiri wa enzi hizo, mengine wakayanunua wenyewe, wakaunganisha kipande kwa kipande hadi wakapata Clos de Vougeot, karibu hekta 50 zilizozungushiwa ukuta wa mawe. Husimuliwa kwamba watawa waliuonja udongo kwa ulimi ili kuujua. Hiyo ni hadithi, ichukueni kama hadithi. Lililo wazi ni kwamba walikuwa na kitu ambacho mkulima mmoja hana: muda. Mtawa akifa, mwingine anashika mkasi wake na kuendelea kuangalia ni pembe ipi inaiva mapema na ipi inachelewa. Fanyeni hivyo kwa miaka mia saba, muone mtajua nini juu ya shamba lenu.

Halafu yakaja Mapinduzi ya Ufaransa, mali ya kanisa ikataifishwa na kuuzwa. Baadaye sheria ya urithi ya Napoleon, ya mwaka 1804, ikataka watoto wagawane sawa. Baba ana safu thelathini, watoto watatu wanapata kumi kumi, na wajukuu wanagawana tena. Leo ndani ya ukuta ule mmoja wa Vougeot wamo wenye mashamba wapatao 80. Jina kwenye chupa ni moja, mikono ni themanini. Kwa hiyo mgeni akijua jina la kipande bila kumjua anayekilima, amejua nusu tu. Jambo hili vitabu vingi vya watalii hulipitia juujuu, nami naona ndilo la kwanza kufundishwa.

Kuchagua mmea nako serikali iliingiza mkono wake. Mwaka 1395 mtawala wa Bourgogne, Philippe aliyeitwa Jasiri, alipiga marufuku zabibu ya Gamay katika nchi yake. Alisema ni mmea mbaya usio mwaminifu. Gamay huzaa sana, na wakulima waliokuwa na njaa waliupenda kwa sababu hiyo. Nikiisoma amri ile namwonea huruma yule mkulima, ingawa najua ndiyo iliyoilinda Pinot noir, mmea wenye ngozi nyepesi na wa kudeka, unaougua haraka.

Mwishoni mwa karne ya 19 likaja pigo la phylloxera, mdudu mdogo kama chawa kutoka Marekani, anayenyonya mizizi hadi mzabibu unakufa umesimama. Dawa iliyofaa ilikuwa kubebesha tawi la Ulaya juu ya shina la Kimarekani, maana shina lile limemzoea mdudu. Shamba la Romanée-Conti, ambalo halifiki hekta mbili, lilishikilia mizizi yake ya asili hadi mwaka 1945, ndipo miti ikang'olewa. Ikapandwa upya miaka miwili baadaye, ya kubebeshwa.

Hapa kwetu Dodoma mzabibu haulali. Tukipogoa unaamka, nasi tunavuna mara mbili kwa mwaka. Kule unalala kipupwe kizima, mweusi, kama kuni zilizochomekwa ardhini, na mavuno ni moja. Likiharibika hilo moja, mwaka umekwisha. Aprili 2021, machipukizi yakiwa yametoka tu, baridi ya usiku iliyaunguza. Watu walikesha mashambani wakiwasha mishumaa mikubwa kati ya safu, maelfu kwa maelfu, kuokoa chochote. Na joto nalo limewafuata. Mji wa Beaune una kumbukumbu za tarehe za kuanza kuchuma tangu mwaka 1354. Kwa karne nyingi wastani ulikuwa mwisho wa Septemba. Tangu 1988 umesogea mapema kwa karibu wiki mbili. Wazee wa kule hawahitaji kuelezwa mabadiliko ya tabianchi. Wanayasoma kwenye daftari la babu.

Kijana mmoja aliniuliza mlangoni: nikipata nafasi ya kwenda, nianzie wapi? Usianzie kwenye maduka ya Beaune. Mimi nilianzia huko siku niliyofika, nikaonja mvinyo kumi, sikukumbuka hata mmoja. Nenda ukaione hospitali ya kale ya maskini iliyoanzishwa mwaka 1443, yenye mapaa ya vigae vya rangi. Mashamba iliyoachiwa na wafadhili bado yanaichangia kwa mnada wa kila Novemba. Kisha ondoka mjini. Shika njia ya miguu kutoka kijiji cha Gevrey-Chambertin, pitia Morey-Saint-Denis na Chambolle-Musigny, ufike ukuta wa Vougeot. Ni mwendo wa asubuhi moja. Soma majina yaliyochongwa kwenye mawe ya malango. Inama ushike udongo, uone unavyobadilika rangi. Usichume tunda la mtu.

Nami nina ombi. Mashamba yenu ya Hombolo na Mvumi hayafanani pande zote, mnajua pembe inayoiva kwanza na pembe inayokauka. Bila shaka mnaziita kwa majina. Kabla ya maswali, ningependa kuyasikia majina hayo, tuanze na mzee pale mbele. Daftari ninalo.