Dinari ya Wale wa Saa Kumi na Moja
(Mhadhara kwa wazee wa kanisa na vijana wa madhehebu mbalimbali, Kigoma)

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Na jirani zetu Waislamu mlioitikia mwaliko, assalaam aleikum. Hapa Kigoma mtu huwa ameshazisikia salamu zote tatu kabla hajamaliza chai ya asubuhi, kwa hiyo najua sijamchanganya mtu.

Nimepewa mada ya neema: kwamba Mungu hutupenda na kutuokoa pasipo sisi kustahili. Naomba nianzie hapo jirani tu, Ujiji. Mwaka 1871 David Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, akiwa mgonjwa na amebaki mifupa. Tegemeo lake lilikuwa moja: shehena ya bidhaa iliyotumwa kutoka pwani imsubiri. Alipofika akakuta yule aliyekabidhiwa ameshaiuza yote. Katika shehena ile hakikubaki kitambaa wala ushanga, na bila hivyo enzi zile hununui hata muhogo. Katika shajara yake akaandika kwamba alijiona kama yule mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko akaangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Ila yeye hakutazamia kwamba kuhani, Mlawi au Msamaria angepita upande wowote. Siku chache baadaye Susi, mtumishi wake, akaja mbio: kuna Mwingereza anakuja. Ndiye Henry Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, na msafara wenye chakula, dawa na barua.

Wengi wenu mmefika pale kwenye kumbukumbu, mkaonyeshwa miembe, mkasimuliwa jinsi Wazungu wawili walivyovua kofia. Hayo tuwaachie watalii. Kinachonivuta mimi ni namna mzee yule alivyousoma mfano wa Msamaria. Sisi tukiuhubiri, siku zote tunajiweka juu ya punda. Tunaambiana: nenda nawe ukafanye vivyo hivyo. Ni sawa kabisa, Bwana mwenyewe alisema hivyo. Lakini Livingstone, mmisionari aliyehubiri miaka mingi, siku ile aliusoma akiwa amelala chini kando ya njia. Na neema, ndugu zangu, haieleweki kwa mtu aliye juu ya punda.

Nitahadharishe hapo hapo: Stanley simfananishi na Mungu. Baadaye alifanya kazi Kongo kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na watu wa ng'ambo ya ziwa hili hili wanajua utawala ule uliwagharimu nini. Ninachokitaka ni yule aliyelala chini tu.

Tazameni katika Luka 10 yule majeruhi anafanya nini. Hafanyi kitu. Hatuambiwi hata kama aliomba msaada. Hatujui dini yake, wala kama alikuwa mtu mwema, wala kama alikuwa na uzembe wa kupita njia ya hatari peke yake. Msamaria anatoa dinari mbili, anamwambia mwenye nyumba ya wageni: chochote utakachogharimiwa zaidi, mimi nitakaporudi nitakulipa. Bili haiendi kitandani kwa mgonjwa. Paulo anaiweka habari hiyo hiyo kwa ukali zaidi katika Warumi 5:8: Kristo alikufa kwa ajili yetu "tulipokuwa tungali wenye dhambi". Hakusema baada ya kutubu, wala baada ya kubatizwa na kumaliza mafundisho. Tungali.

Sasa, mbona jambo hili, ambalo kila Mkristo hapa analijua kwa kichwa, ni gumu hivi kuliishi? Nadhani ni kwa sababu tumekulia kwenye daftari. Mnajua daftari la michango. Ukioza mtoto, kamati inaandika: fulani elfu hamsini, fulani mia, fulani ahadi. Baada ya miaka mitatu fulani naye anaoza, unafungua daftari: huyu alinipa ngapi? Unampa hiyo hiyo, na kama una uwezo unaongeza kidogo ili usionekane mchoyo. Ni utaratibu mzuri, umetusitiri kwenye harusi na misiba, sisemi tuuache. Lakini tumeuchukua mzima mzima tukaupeleka mbinguni. Tunadhani Mungu naye ameketi na kalamu: huyu alifunga Kwaresima, huyu hakukosa ibada, huyu alijenga choo cha parokia. Na mtu akipatwa na ugonjwa anauliza, nimekosa nini mimi, mbona nimetoa? Ndiyo sauti ya mtu anayefungua daftari na kukuta hajarudishiwa.

Paulo anajua mawazo hayo. Warumi 4:4 anasema mtu afanyaye kazi, ujira wake hauhesabiwi kuwa ni neema, bali kuwa ni deni. Yaani ukitaka Mungu akulipe, umekwisha kuondoka kwenye neema, uko ofisi nyingine.

Twende Mathayo 20, na hapa nitakaa. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua, wanapatana dinari moja kwa siku. Anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa. Saa kumi na moja jioni anatoka mara ya mwisho, anakuta watu wamesimama. Anawauliza, mbona mmesimama hapa mchana kutwa bila kazi? Wanamjibu: kwa kuwa hakuna mtu aliyetuajiri.

Jibu lile mnalijua. Nendeni Kibirizi, mkaangalie vijana wanaongoja mzigo wa mashua. Asubuhi wanachaguliwa wenye mabega. Jioni wanaobaki ni nani? Mzee, mwenye mguu mbovu, mgeni asiyejua lugha vizuri, na yule ambaye kila mnyapara ameshamkataa. Wahubiri wengi huwaita watu wa saa kumi na moja wavivu, na mimi sioni Biblia inasema hivyo. Inasema hakuna aliyewataka. Mwenye shamba anawachukua zikiwa zimebaki dakika sitini jua lizame, na jioni anawapa dinari nzima.

Hebu fikirini dinari ile. Ndiyo posho ya kutwa, chakula cha nyumba moja. Angempa kila mmoja sehemu ya kumi na mbili ya dinari, ingekuwa haki kabisa, na watoto wao wangelala njaa. Yule bwana hakupima kazi, alipima njaa. Hapo ndipo ninapouona moyo wa Mungu kuliko mahali pengine popote katika Injili hii.

Lakini kelele inatoka wapi? Kwa wa alfajiri. Angalieni kwamba hawakupunjwa hata senti. Wamepata walichopatana. Kilichowauma ni kuona mwenzao amepata sawa nao. "Umewasawazisha na sisi," wanasema, sisi tuliostahimili taabu na hari za mchana kutwa. Naye anawajibu: "Au jicho lako limekuwa ovu kwa sababu ya mimi kuwa mwema?"

Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo, na kama mtasahau mengine kumbukeni hii. Tunafundishwa kwamba ugumu wa neema ni mtu kujiona hafai. Upo ugumu huo, tena unatesa. Ila uliojaa makanisani ni mwingine: neema tunaikubali vizuri sana inapotufikia sisi, inatukwaza inapomfikia jirani. Yule aliyekula pesa za kikundi, leo ameokoka, Jumapili amepewa kipaza sauti! Yule binti aliyezaa nje ya ndoa, mtoto wake anabatizwa mbele ya watu! Mnazijua nyuso zinavyokunjamana.

Mjadala huu ni wa zamani, na umepiganiwa Afrika. Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 na kuwa askofu wa Hippo, mji ulio katika Algeria ya leo, alipambana na mafundisho ya Pelagio, aliyeona kwamba mwanadamu ana uwezo wa kutosha wa kutenda mema na kuzishika amri akitaka kwa dhati. Agostino akang'ang'ania neno la Paulo kwa Wakorintho: una nini usichokipokea? Hata huko kutaka kwako mema, alisema, umepewa. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika waliokutana Karthago wakamkataa Pelagio. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba neema ni mafundisho ya Wazungu, mwambieni aanze kusoma Waafrika.

Na kutoka Algeria hiyo hiyo, karne nyingi baadaye, walitoka Mapadre Weupe wa Askofu Mkuu Lavigerie, shirika la wamisionari Wakatoliki lililoanzishwa mwaka 1868. Mwaka 1878 walifika Tabora, na mwaka uliofuata Ujiji. Hapa walikuta soko la watumwa, wakawa wanakomboa watoto kwa kutoa mali. Historia hiyo siipambi: mali ile iliingia mifukoni mwa wauzaji, na mtoto aliyekombolewa alilelewa misheni, chini ya sheria za misheni, wala hakuulizwa anataka kwenda wapi. Ukombozi wa wanadamu mara nyingi una kamba mguuni.

Lakini yuko mmoja ambaye siwezi kumpita. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, Mali, akatekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadre wakamnunua Algeria, wakamsomesha udaktari kisiwani Malta. Mwishoni mwa miaka ya 1880 akafika Karema, kusini mwetu kwenye ziwa hili, wale mliosafiri na meli ya Liemba mnapajua. Akawa katekista na mganga pale kwa zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956.

Je, alikuwa analipa deni? Hesabu haikubali. Hakuna mtoto anayenunuliwa kwa bei ya miaka sitini ya kutibu watu, tena watu ambao hawakuhusika kumnunua. Mimi naona hapo Waefeso 2, mstari wa 8 mpaka wa 10, na huwa nasikitika tunapokata mistari hiyo katikati. Sisi Waprotestanti tunaishia wa tisa: "wala si kwa matendo". Ndugu zetu Wakatoliki hutuhumiwa kuanzia wa kumi: tuliumbwa katika Kristo Yesu "tutende matendo mema". Ni pumzi moja ya Paulo. Tarehe 31 Oktoba 1999, Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja linalokiri kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, si kwa stahili yoyote iliyo ndani yetu, na kwamba Roho Mtakatifu hutuita na kututia nguvu kwa matendo mema. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006. Mambo yaliyosalia yanajadiliwa na wenye elimu yake. Sisi hapa tunaweza angalau kuacha kutupiana maneno.

Najua kuna mzee ananiangalia anasema moyoni: mhadhiri, ukiwaambia vijana hivi watafanya wapendavyo. Paulo aliulizwa hivyo hivyo, akajibu "Hasha!" Nami namleta Zakayo. Yesu alimwambia mtoza ushuru yule, imenipasa kushinda nyumbani mwako, akiwa bado juu ya mkuyu, mifuko imejaa mali za watu. Hakumwambia rudisha kwanza, ndipo nije kula. Zakayo ndiye aliyesimama mwenyewe akatangaza: nusu ya mali kwa maskini, na niliyemdhulumu namrudishia mara nne.

Angalieni analipa nani. Hamlipi Yesu hata shilingi. Anawalipa watu. Hili nalisema polepole kwa sababu tuna ugonjwa: mtu anaokoka, ukimdai anakwambia mambo ya kale yamepita. Mama, msamaha wa Mungu haujafuta deni la dukani kwangu! Kwa Mungu huna cha kulipa. Kwa jirani yako unacho, na neema ndiyo inayokutoa kitandani ukakipeleke.

Kuhusu mafuta na maji yanayouzwa madhabahuni, na mbegu za kupanda ili upate muujiza, sitasema mengi. Petro alishamaliza, Matendo 8:20, alipomwambia Simoni mchawi: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Maneno ni makali, na si yangu.

Langu ni dogo, kwa wazee. Wakati mwingine mtu anafariki, familia inakuja kuomba ibada, na kitu cha kwanza kinachotolewa ni kitabu: alilipa ahadi? Alikuwa anasali jumuiya? Maiti iko ndani, wajane wamekaa kwenye mkeka, sisi tunahesabu miezi. Najua sababu zenu. Kanisa lina gharama, na wako wanaokumbuka kanisa siku ya jeneza tu. Hao ndio wa saa kumi na moja. Nendeni msibani kwanza, mzikeni, mwimbieni vizuri kuliko wote. Habari ya ahadi mtaizungumza na walio hai, siku nyingine, kwa upole.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nakaribisha maswali, na ningependa tuanze na wale walioguna nilipotaja kitabu.