Swali Unalokwenda Nalo Chuoni

Bwana asifiwe! Wapendwa, nimeombwa niseme juu ya kuomba nafasi ya shahada ya uzamili ya theolojia. Najua wengi wenu mnawaza chuo cha Makumira kule Arusha, au Chuo Kikuu cha St. Paul's kule Limuru, Kenya.

Kwanza ujue unaomba nini. MDiv (Master of Divinity) humwandaa mtu kwa huduma. Kwa kawaida huchukua miaka mitatu, na vyuo vingi humpokea hata mwenye shahada ya kwanza ya uhasibu. MTh (Master of Theology) ni ya aliyekwisha kusoma theolojia, anayetaka kuzama katika eneo moja.

Lakini nataka tukae hasa kwenye ile insha ya kujieleza unayoipeleka pamoja na maombi yako. Wengi huandika walivyookoka, wakaishia hapo. Ushuhuda una thamani yake, na vyuo vingine huuomba waziwazi. Hata hivyo, anayeisoma insha yako anataka kujua pia: ni jambo gani limekushinda huko usharikani?

Chukua mfano: mjane amenyang'anywa shamba na shemeji zake. Shemeji hao ni wazee wa kanisa. Jumapili umesimama kuhubiri, na wote wamekaa mbele yako. Ulisema nini? Ulitamani kusema nini, ukakosa msingi wa kulisimamia? Mwinjilisti aliyepita hapo ana la kusomea: Torati inavyomlinda mjane, kitabu cha Ruthu, nidhamu ya kanisa inapowagusa viongozi wenyewe. Andika hilo, kwa maneno yako, bila kutaja majina ya watu. Chuo cha Limuru kilianzia Freretown, Mombasa, mwaka 1903, katika makazi yaliyofunguliwa kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Theolojia ya kwetu imezaliwa kati ya watu wenye majeraha, kwa hiyo usione haya kupeleka jeraha la usharika wako.

Barua ya mchungaji ya kukupendekeza nayo iombe mapema, na umpe insha yako aisome. "Ni mwaminifu, huhudhuria ibada" haitoshi. Mwombe ataje kazi aliyokuona ukiifanya.

Watanzania mnaokwenda kusoma nje, ulizeni TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kabla ya kulipa ada kama shahada hiyo itatambuliwa. Na kama dayosisi ndiyo inayokusomesha, kaeni mkubaliane utarudi kufanya kazi gani, kisha makubaliano hayo yaandikwe na kutiwa sahihi kabla hujafunga sanduku.