Matawi Yalale Chini

Ndugu zangu wapanda miti wa Mufindi, hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia: acheni kuchoma shamba baada ya kuvuna paini!

Mtaniambia majivu ni mbolea. Kweli, yana potasiamu na kalisi. Lakini naitrojeni huanza kupotelea hewani joto likifika nyuzi 200 hivi, na lundo la matawi likiwaka linazipita mbali. Hicho kinachobaki, mvua za Novemba zinakisomba hadi bondeni. Kilo kwa kilo, majani, vijiti na magome yana naitrojeni nyingi kuliko gogo mnalouza. Ndiyo mnayoitia kiberiti.

"Tukiyaacha hayaozi." Hayaozi kwa sababu mmeyaacha vibaya. Shikeni tawi lililoning'inia juu ya mengine kiangazi kizima: kavu, gumu, ukilivunja linalia. Kuvu wanaoozesha mti wanataka unyevu wa kama asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu. Ukipungua sana, wanalala. Sasa fukueni lililo chini kabisa, linalogusa udongo. Limelainika, limetambaliwa na nyuzi nyeupe, ukucha unazama. Mti ule ule, kilima kile kile! Basi mwenye msumeno akishapogoa gogo, ayakate matawi vipande vya mita moja, ayalaze chini kwa safu zinazofuata kontua, yaani zinazokatiza mteremko kwa usawa, miche ipandwe katikati. Magome nayo yabanduliwe palepale shambani.

Ila msijaze vumbi la msumeno kwenye shimo la mche. Mti una kaboni mamia kwa naitrojeni moja. Vijidudu vitaichukua ya udongo ili viumeng'enye, na mche utageuka njano. Juu ya udongo sawa, shimoni hapana.

Hofu ya moto ni ya haki. Katizeni safu kwa nafasi tupu, na barabara za moto zisafishwe kabla ya Juni.

Trekta, kwa kifupi: lipite njia ileile, juu ya matawi. Mipito michache ya kwanza ndiyo hushindilia udongo zaidi, na udongo usio na hewa hauozeshi mizizi ya visiki.

Na wanaofyeka miti ya asili wapande chai: bandueni gome kuzunguka shina mwaka mmoja au miwili kabla ya kukata, wanga uishe mizizini. Usipoisha, kuvu wa amilaria, anayeozesha mizizi hai, ataula, kisha ataifuata chai.