Kukimbia na Kukimbilia: Mazungumzo Kuhusu Mbio Ndefu na Utoto Mgumu

REHEMA: Msikilizaji, karibu tena katika kipindi chetu. Mimi ni Rehema, na mwenzangu ni kaka Baraka, ambaye leo amefika studioni akiwa bado anatweta. Kaka Baraka, habari za asubuhi?

BARAKA: Njema, dada Rehema. Naomba radhi kwa kutweta huku, kwa maana nimetoka daraja la Karanga sasa hivi na jua la Moshi halikunihurumia. Nimekuja na jambo lililonisumbua njia nzima. Lugha yetu ina kitenzi kimoja tu, kukimbia, kwa mtu anayetimua mbio kwa sababu simba yuko nyuma yake, na kwa mtu anayetimua mbio kwa sababu amejiandikisha mashindano na kulipa kiingilio. Mkimbizi na mkimbiaji ni watoto wa shina moja. Nilikuwa najiuliza ni lini hasa mtu huacha kuwa wa kwanza akawa wa pili.

REHEMA: Wala methali zetu hazikumpa mkimbiaji heshima kubwa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Na haraka haraka, kama tulivyofundishwa, haina wewe.

BARAKA: Haina mimi kabisa! Hata mlinzi wa nyumba tunamopanga anakubaliana na methali hizo. Mwaka mzima wa kwanza, kila alfajiri aliponifungulia geti aliniuliza swali lile lile: "Leo umekimbizwa na nani?" Nilicheka, lakini swali lile lilinichoma kuliko alivyodhani.

REHEMA: Tutalirudia swali la mlinzi. Leo tulikubaliana kuzungumza juu ya watu ambao utoto wao ulikuwa mgumu, na ambao mbio ndefu ziliwapa sababu ya kuamka asubuhi. Ningependa tuanze na Tegla Loroupe, mkimbiaji wa marathoni kutoka Kenya, maana jina lake linafahamika lakini njia aliyopita haifahamiki sana.

BARAKA: Tuanze naye. Alizaliwa Mei 9, 1973, katika kijiji cha Kapsoit, Pokoti Magharibi nchini Kenya, katika boma la baba mwenye wake kadhaa na watoto zaidi ya ishirini. Alipofikia umri wa kwenda shule, umbali kutoka nyumbani hadi darasani ulikuwa kilomita zipatazo 10, na aliukimbia kwa miguu mitupu asubuhi na kuukimbia tena jioni. Shuleni akaanza kuwashinda wanafunzi waliomzidi umri. Baba yake aliona riadha si kazi ya msichana. Wasimamizi wa riadha nao walimwona mdogo mno na mwembamba mno. Mtoto huyu alisikia "hapana" nyumbani, akaisikia tena uwanjani, na bado wenzake walimpa jina la utani la Chametia, yaani mtu asiyekasirika.

REHEMA: Hapo ndipo ninapotaka kukusimamisha kidogo, kaka. Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, na nimewaona watoto waliotembea na kukimbia umbali kama huo, wakafika darasani wamelowa umande hadi magotini, wakasinzia kufikia kipindi cha tatu. Walio wengi hawakuwa mabingwa wa chochote. Wengine waliacha shule kwa sababu ya umbali huo huo. Kwa hiyo kila ninaposikia watu wakisema kwamba shida ndizo zilizomfanya fulani akawa bingwa, huwa nawakumbuka watoto wale, na nahisi tunaitukuza shida kwa kazi ambayo haikuifanya.

BARAKA: Lakini huwezi kukataa kwamba miguu iliyozoea kilomita 20 kwa siku, tena katika nyanda za juu ambako hewa ni nyepesi, imepata mazoezi ambayo mtoto wa mjini hakuyapata.

REHEMA: Miguu, nakubali. Mapafu pia. Ninachokataa ni kwamba moyo wa mtu hujengwa kwa kunyimwa. Ukiitazama habari ya Loroupe kwa makini, utaona kwamba palipokuwa na "hapana" ya baba palikuwa pia na "ndiyo" ya mama, kwa kuwa mama yake ndiye aliyemuunga mkono. Mti hauendi ila kwa nyenzo. Sisi tunausifu mlima ambao mti ulipandishwa, na nyenzo tunazisahau chini ya mlima.

BARAKA: Hilo nalipokea, na nitakusaidia kulithibitisha hata kama linanishinda katika hoja yangu. Mwaka 1994 Loroupe alikwenda New York akashinda marathoni yake, akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda moja ya marathoni kubwa za dunia. Mwaka uliofuata alirudi New York mara tu baada ya kufiwa na dada yake, na akashinda tena. Baadaye, Aprili 1998 kule Rotterdam, alikimbia kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 47, akaivunja rekodi ya dunia ya Ingrid Kristiansen iliyokuwa imesimama tangu mwaka 1985. Mwaka 1999 mjini Berlin akaipunguza rekodi yake mwenyewe kwa sekunde nne. Nikizitazama sekunde zile nne sioni hasira ya mtoto aliyedharauliwa. Naona mtu aliyeijua kazi yake kama fundi.

REHEMA: Umesema vizuri, fundi. Hasira humpeleka mtu kilomita tano, pengine kumi. Marathoni ina kilomita 42 na mita 195, na sijui hasira inayodumu umbali huo.

BARAKA: Mimi najua, kwa kuwa niliijaribu. Sikuwahi kulisema hili katika kipindi, ila leo linafaa. Nililelewa kwa kuhamishwa; mwaka huu kwa mjomba, mwaka ujao kwa shangazi, kisha kwa bibi, na kila nyumba nilijifunza upya ni wapi viatu vinavuliwa na ni nani asiyependa kelele. Hakuna aliyenitesa, lakini pia hapakuwa na nyumba ambamo ningeweza kukosea bila kuhofia kufungiwa mizigo. Nilipofikisha miaka 31 nikaanza kukimbia, na kwa miezi mingi nilikimbia kama mtu anayegombana. Nilikuwa natoka kwa kasi isiyo na akili, kichomi kinanishika kabla ya kilomita ya nne, narudi nyumbani nikitembea. Ndiyo sababu swali la mlinzi lilinichoma, kwa maana nilikuwa nakimbizwa kweli.

REHEMA: Pole sana, kaka. Na nini kilibadilika?

BARAKA: Kwanza nilipunguza mwendo, jambo ambalo kwa mwanamume wa kwetu ni gumu kuliko kuongeza. Nilianza kukimbia kwa mwendo ambao ningeweza kuzungumza na mtu bila kukata maneno. Halafu nikagundua kwamba barabara ile haihami. Leo daraja lipo, kesho lipo, mti wa mkuyu upo, na idadi ya hatua ni ile ile. Kwa mtoto aliyekua akihamishwa, mahali panapobaki palipo ni utajiri. Dada, mimi sikupata kusudi la maisha siku ya kwanza. Nilipata mahali tu. Kusudi lilikuja baadaye sana, na hata leo sina hakika kama neno hilo ni langu.

REHEMA: Nashukuru hukulirembesha. Nikupeleke sasa Septemba 2000, michezo ya Olimpiki ya Sydney, kwa sababu kuna siku mbili pale ambazo nadhani zinabeba mazungumzo yetu yote. Tarehe 24 ilikuwa marathoni ya wanawake. Loroupe alikuwa miongoni mwa waliotazamiwa kushinda, lakini usiku uliotangulia aliugua kwa chakula kilichomdhuru. Alikimbia hivyo hivyo, akamaliza wa 13. Siku sita baadaye akaingia fainali ya mita 10,000, akawa wa tano. Kwa vitabu vya rekodi, hizo si habari za kusimulia. Kwangu mimi zinaonyesha kwamba wakati ule hakuwa tena akikimbia kwa ajili ya kumthibitishia mtu yeyote jambo lolote. Alikuwa anahisi kuna watu nyumbani wanaomngojea afike.

BARAKA: Na siku ya pili ni tarehe 25.

REHEMA: Naam, siku ya pili ni tarehe 25. Siku hiyo Michael Johnson wa Marekani alishinda mita 400. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, kijana mmoja alikuwa ametembea kilomita zipatazo 8 na kulipa shilingi tano ili atazame mbio zile katika televisheni ndogo isiyo na rangi. Jina lake Lopez Lomong. Alimwona Johnson akilia jukwaani, na akaamua kwamba naye anataka kukimbia kama yule.

BARAKA: Wasikilizaji wengi hawajui kijana huyo alifikaje Kakuma. Alikuwa na umri wa miaka sita, mwaka 1991, wapiganaji walipomteka pamoja na watoto wengine wakiwa katika ibada, kijijini Kimotong, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Aliwekwa mahali ambapo watoto walikuwa wakifa kwa njaa na maradhi, hadi vijana watatu waliomzidi umri walipomtoa kupitia tundu la uzio usiku, wakamshika mkono, wakakimbia naye siku tatu hadi mpaka wa Kenya.

REHEMA: Vijana watatu. Naomba uwahesabu katika zile nyenzo zangu.

BARAKA: Nimewahesabu. Huko ndiko kukimbia kwa mkimbizi, na hakuna cha kukitukuza ndani yake. Lakini sikiliza yaliyotokea kambini, ambako aliishi miaka kumi. Lomong amesimulia kwamba wavulana walikuwa wengi na uwanja wa mpira ulikuwa mdogo, kwa hiyo waliweka sharti kwamba anayetaka kucheza sharti kwanza auzunguke mzingo wote wa kambi, takribani kilomita 30, kwa kukimbia. Mtoto ambaye alikuwa amekimbia ili asife, sasa anakimbia ili apewe nafasi ya kucheza. Kitenzi ni kile kile na miguu ni ile ile, ila safari hii mwisho wa njia pana wenzake na mpira.

REHEMA: Lugha yetu basi si maskini kama ulivyoanza kuilaumu. Tuna kukimbia, na tuna kukimbilia. Ongeza silabi moja, na mtu amepata anakoelekea. Na kutoka hapo hapo tunapata kimbilio.

BARAKA: Natamani ningekuwa nimeliwaza hilo darajani! Mwaka 2001 Lomong alipelekwa Marekani akalelewa na familia moja huko Tully, jimbo la New York. Akawa raia mwaka 2007, na mwaka 2008 wanariadha wenzake wakamchagua abebe bendera ya Marekani katika ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing. Aliendelea kurefusha masafa kadiri umri ulivyosonga, kutoka mita 1,500 hadi 5,000 na kisha 10,000, na mwaka 2019, katika mashindano ya dunia ya riadha mjini Doha, alikuwa wa saba. Hakuwahi kupata medali ya Olimpiki, na sidhani kama jambo hilo linapunguza chochote.

REHEMA: Tumrudie Loroupe, kwa kuwa hapa ndipo habari hizi mbili zinapokutana. Angeweza kabisa kukaa Ulaya na kuzeeka kwa heshima. Mwaka 2003 alianzisha taasisi yake ya amani, akaanza kuandaa mbio huko Kapenguria, ambazo vijana wa Kipokoti, Waturkana, Wakaramojong kutoka Uganda na jirani zao, waliokuwa wakivamiana kwa ajili ya mifugo, walikuja wakapanga mstari mmoja na kukimbia pamoja. Fikiria ujasiri huo, msichana aliyeambiwa kwamba mbio si za wanawake, leo anawapigia filimbi mashujaa waliozoea kubeba bunduki.

BARAKA: Kisha Kakuma.

REHEMA: Kisha Kakuma. Kulifanyika mashindano ya kuwachagua wakimbiaji kambini humo, na waliochaguliwa wakapelekwa Ngong kufanya mazoezi chini ya uangalizi wa taasisi ya Loroupe. Mwaka 2016, timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya Olimpiki ilipoingia uwanjani Rio de Janeiro ikiwa na wanamichezo kumi, watano walikuwa wametoka Kakuma, na kiongozi wa msafara alikuwa Loroupe mwenyewe. Aliyebeba bendera alikuwa Rose Nathike Lokonyen, ambaye katika mchujo wa kambini alikuwa amekimbia kilomita 10 bila viatu na kushika nafasi ya pili.

BARAKA: Bila viatu, kama kiongozi wake alivyokuwa akienda shule.

REHEMA: Kama yeye. Wa Kakuma, kusema kweli, huko Rio walishindana katika mbio fupi na za kati, na hakuna kati yao aliyekaribia medali. Wapo watu waliosema timu ile ni ya maonyesho tu. Mimi nawajibu kwamba mwalimu hapimi shule kwa mwanafunzi wa kwanza peke yake.

BARAKA: Nami niongeze kwamba katika timu hiyo hiyo alikuwamo mkimbiaji wa marathoni, Yonas Kinde, mzaliwa wa Ethiopia aliyepata hifadhi Luxembourg, ambaye alikuwa na miaka 36 na alimaliza kilomita zake zote.

REHEMA: Muda unatubana, kaka. Nakudai jambo moja. Mlinzi bado anakuuliza umekimbizwa na nani?

BARAKA: Hapana. Alibadilisha swali mwenyewe, sijui lini hasa. Leo asubuhi aliponifungulia geti aliniuliza, "Umefika wapi?" Nikamwambia nimefika darajani, nikapapasa kingo za daraja kama kawaida yangu, nikageuka. Akaniuliza kama maji yameongezeka mtoni. Nikamwambia yameongezeka.