Siku ya kukabidhi vifaa ndio gharama zinaanza

Asanteni, naanza moja kwa moja maana muda ni mfupi na hili jambo nalisema kila nikipewa maiki na nitaendelea kulisema. Kuchangia elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu hakuishii siku ya kukabidhi vifaa. Siku hiyo ndio gharama zinaanza.

Chukueni kifaa cha kusaidia kusikia. Watu wanachanga, kinanunuliwa, mtoto anavalishwa, makofi, wengine wanalia kabisa na mi siwalaumu. Haya. Zile betri ndogo za duara ukishabandua kile kistika hewa inaingia, zinaanza kuisha, ukikirudisha hairudi kuwa mpya. Mtoto anayevaa kutwa nzima betri inaweza kukaa wiki moja, mbili hivi. Nani aliipigia hesabu? Hakuna. Sasa ikiisha mtoto mdogo hasemi, anakaa tu, anaangalia midomo ya watu, wenzake wakicheka na yeye anacheka, mwalimu mwenye darasa limejaa anadhani huyu kawa mtukutu au mzito wa kuelewa. Na hata betri zikiwepo, kuna kile kipande laini kinachoingia sikioni, kinatengenezwa kwa umbo la sikio lake mwenyewe, mtoto anakua na sikio linakua, kipande kinalegea, sauti inavuja, kifaa kinapiga mluzi, mtoto anakivua anakitia kwenye begi. Kwa wadogo kabisa hicho kipande kinabadilishwa kila baada ya miezi michache jamani! Mwisho wake kifaa kinalala kabatini ofisini, kizima kabisa, na kwenye ripoti ya kamati ya michango kimeandikwa kimetolewa. Hii inaniuma sana.

Najua kuna mtu hapa anasema wachangiaji wanataka kitu cha kuonekana, nani atatoa hela ya betri. Sikubali. Hawatoi kwa sababu hatujawaambia. Mwambie mtu hela yake ndogo ya kila mwezi ndio inamfanya mtoto asikie darasani Jumatatu, uone kama hatoi. Kwa hiyo kamati, kabla hamjatangaza kiasi kaeni na mwalimu na mzazi, muulize hiki kifaa kwa mwaka kinakula nini na fundi wake nani. Mashine ya breli, yale maandishi ya nukta ya wasioona, vile vile, inataka karatasi nzito, kwenye karatasi nyepesi nukta zinalala upesi mtoto akipapasa hapati kitu. Na kiti cha magurudumu cha mtu mzima msimpe mtoto eti kilikuwepo tu, kiti kisichomtosha na kisicho na mto wa kufaa kinaleta vidonda.

Wengine wataniambia hii kazi ya serikali. Ndio, ni ya serikali, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 umelisema kwenye ibara ya 24, na kabla yake kule Salamanca, Hispania, 1994, wawakilishi wa serikali 92 walikubaliana shule za kawaida zipokee watoto wote. Endeleeni kudai, mchango wetu usiwe kisingizio cha mtu kukata bajeti. Lakini mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka huu hana muda wa kusubiri vikao.

Kwenye kujitolea nasema haraka haraka. Kama una saa moja kwa wiki, njoo siku ile ile, saa ile ile, usiache. Watoto wengi wenye usonji, yaani autism, wanategemea ratiba isiyobadilika, ukija leo na zawadi na kelele halafu ukapotea umewavuruga na mwalimu ndio anabaki anahangaika. Kama mwalimu anatumia picha kumwonyesha mtoto nini kinafuata, na wewe tumia picha hizo hizo. Na kila anayekuja achunguzwe kwanza, asiachwe peke yake na mtoto, watoto wenye ulemavu wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kudhulumiwa kuliko wengine, anayekasirika kuchunguzwa mwacheni aende zake.

Picha za watoto kwenye matangazo ya michango nilitaka kuongea kirefu ila naonyeshwa saa. Ombeni ruhusa ya mzazi, na mtoto mwenyewe muulizeni, akikataa ni basi. Wale wa kamati msitoke, njooni hapa mbele na daftari tupige hesabu ya betri za mwaka mzima kabla hamjaondoka.