Mzee Aliye Kwenye Kioo

Ndugu wanafunzi, walimu wangu, hamjambo.

Niseme mapema: hakuna mashine inayoiona kesho. Aliyekuja hapa akitegemea ramli ya kompyuta, nauli yake imepotea. Miwani ya uhalisia pepe, ile inayofunika macho na kukufanya ujione uko ndani ya mahali palipochorwa na kompyuta, huonyesha kile alichokichora mtu fulani, basi. Ila mchoro huo unaweza kumbadilisha anayeutazama, na yeye akaenda kuibadilisha kesho yake. Hapo ndipo penye habari.

Mwaka 2011 mtafiti Hal Hershfield na wenzake, akiwemo Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha majaribio yao. Kijana alipigwa picha ya uso. Programu ikaichukua, ikalegeza mashavu, ikatia mifuko chini ya macho, ikamwaga mvi. Kisha akavalishwa miwani, akajikuta mbele ya kioo katika chumba kisichokuwepo. Akigeuza shingo, mzee wa miaka 70 kwenye kioo naye anageuza. Na mzee huyo ni yeye mwenyewe. Kundi la pili walijiona walivyo siku hiyo.

Baadaye wakaulizwa: ukipata dola 1,000 usizozitarajia, utazigawaje? Zawadi kwa umpendaye, starehe, akaunti ya kawaida, au akiba ya kustaafu? Waliojiona vijana walitenga kwa ajili ya uzeeni wastani wa dola 80. Waliokutana na mzee wakatenga 172.

Msishangilie bado. Washiriki walikuwa wachache na fedha yenyewe ilikuwa ya kufikirika tu. Hata mimi, kwa mamilioni nisiyokuwa nayo, ni mtu wa busara sana. Lakini sababu inayotolewa ina uzito. Hershfield alikwishapima ubongo wa watu wakijifikiria wenyewe miaka ya mbele, akaona unafanya kazi karibu sawa na wanapomfikiria mtu baki. Sasa nani anamwekea akiba mtu asiyemjua? Miwani ile inampa mtu baki huyo uso wako.

Katika jaribio jingine, lililofanywa kwenye skrini ya kawaida, mshiriki alisogeza kitelezi, yaani alama ya kuburuta kwenye skrini, kuamua sehemu ya mshahara itakayokwenda kwenye akiba. Akiongeza, uso wake wa uzeeni unatabasamu. Akipunguza, unanuna. Mimi hapo nilisimama. Uzee haukununa, aliyenuna ni mwandishi wa programu. Watafiti wenyewe waliliona tatizo hilo, wakarudia kwa uso usioonyesha hisia, na bado waliouona uzee wao waliweka zaidi.

Watafiti walikuwa waungwana, wakajikagua. Je, muuza bima? Muuza krimu za ngozi? Yeye hana haja ya kurudia jaribio. Akipata uso unaokutisha ukanunua, kazi yake imekwisha. Na programu za kuzeesha sura zimo tayari kwenye simu zenu, mnachekeshana nazo.

Kwa hiyo ninyi wa kitivo cha kompyuta, mkitengeneza ya kwenu, msimpe mtumiaji mzee mmoja. Mpeni watatu au wanne: aliyeweka akiba akaugua, asiyeweka lakini watoto wakamtunza, aliyeweka mfumuko wa bei ukazila. Na vipimo mlivyotumia kuwachora wazee hao viwe wazi pale pale kwenye skrini, aweze kuvibadilisha kwa mkono wake na kuona sura zinavyogeuka.